Siku ya Kukanyaga Ndizi

Shangazi yangu hakuwa na kalenda, na hata angepewa asingeitazama. Siku ya kukanyaga ilipangwa na ndizi zenyewe. Alizifukia shimoni nyuma ya nyumba, akazifunika kwa majani ya mgomba na udongo, akawasha moto mdogo pembeni ili joto na moshi viingie, kisha kila asubuhi alikwenda kunusa. Pua yake ikisharidhika, alisimama ukingoni mwa uwanja wake, juu ya mlima unaoitazama Bwera, mji wetu wa mpakani, akapiga ukelele mmoja tu. Aliyekuwa shambani akaacha jembe, aliyekuwa anagombana na mkewe akaahirisha ugomvi, na sisi wa chini sokoni tukafunga meza.

Ndizi zilizoivia shimoni hazina subira. Ukichelewa siku moja zinaharibika, na jirani zako watakukumbusha mpaka mavuno mengine. Ndiyo maana kwetu anayepita karibu na nyumba inayokanyaga hapiti hivi hivi. Atamenya, au atakata nyasi, au ataosha miguu na kuingia mtumbwini. Mtumbwi wenyewe haukuwahi kuona ziwa. Ni gogo kubwa lililochongwa, watu sita wanasimama ndani bila kupigana vikumbo, wanakanyaga ndizi na nyasi mpaka maji matamu yanatoka. Maji hayo yakichanganywa na mtama uliokaangwa yakaachwa yachemke yenyewe, yanakuwa kasiksi, na kasiksi ya shangazi ilijulikana mpaka Kasese. Hata padri wetu alikamatwa siku moja akipita na pikipiki yake. Alivua viatu, akakunja kanzu, na ile miguu yake myeupe ikatupa kicheko cha wiki nzima.

Sisi ni Wanande wa upande wa Butembo. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, Kongo ilipochafuka, baba alivuka mto Lhubiriha, ulio mpaka, akiwa na mama, na dada yake, yaani huyo shangazi, na sisi watoto, akafungua duka la samaki wa chumvi na vitenge karibu na soko. Nyumba yetu ilikuwa ya kucheka. Tulicheka kwenye misiba, tulicheka tukiugua. Baba alisema tumeacha kila kitu ng'ambo, lakini midomo tumevuka nayo.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa wa kukanyaga. Alikuwa na miguu mipana kama mbao za bucha. Shangazi alisema Mungu alipomuumba alianzia chini, alipofika kichwani udongo ukawa umebaki kidogo. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kwenye mtumbwi alisimama mbele, ndiye aliyeanzisha wimbo, na wengine walifuata mwendo wake. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kupeleka samaki na ndizi Kasese kwa baiskeli.

Halafu mto Nyamwamba ukajaa ghafla siku moja, kama kawaida yake, ukambebea baiskeli na matenga yote mawili. Alirudi kwa miguu, amelowa, na baba akamuuliza kama samaki wamewasalimia jamaa zao. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kaka naye alicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya chetu.

Wakati huo huo alikuja mtu mmoja mlimani kwetu. Tulikuwa katika miaka ya kwanza ya utawala wa wanajeshi. Alishuka treni Kasese, akakaa kwa muda huko Muhokya, kisha akapanda akajenga kibanda chake juu kabisa, ambako hakuna aliyetaka kulima kwa sababu ya mawe. Alikuwa mtu safi, wa sauti ya chini, anayevaa nguo nyeupe. Sitasema alikuwa na macho ya ajabu, maana hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni masikio. Alimsikiliza kaka yangu akisimulia habari ya baiskeli tangu mwanzo hadi mwisho, akamshika mkono, akamwambia amepata hasara kubwa. Hakucheka.

Watu huniuliza mpaka leo, mtu mzima mwenye akili zake anaingiaje kwenye mambo kama yale. Swali hilo hunikasirisha. Wanauliza kana kwamba mlango wake umeandikwa jina juu. Kaka yangu aliingia kwa mlango wa kusikilizwa, na mwanzoni ndani hamkuwa na ubaya wowote. Walisali, waliimba vizuri, walitembelea wagonjwa. Mama yangu alifurahi kwamba kijana wake amepata marafiki wasiokunywa.

Baadaye wakakatazwa chumvi. Katika nyumba ya muuza samaki wa chumvi hilo lilikuwa tusi, lakini baba alisema bora hivyo, wengine tutakula zaidi. Kisha wakakatazwa viatu, na kila alfajiri walioshana miguu kwenye kijito, wakaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, kwa sababu anayetembea katika ardhi takatifu sharti awe na miguu safi. Kisha wakakatazwa kusalimia mtu asiye wa mlimani. Hapo ndipo nilipoanza kuudhika. Nilikutana na kaka yangu njiani, nikamwambia "Wasibire," kama tunavyosalimiana mchana, naye akanipita akitazama majani ya migomba. Nilimrushia ganda la embe. Lilimpata kisogoni, na hakugeuka.

Kitu cha mwisho kilikuwa fungu. Yule mtu alifundisha kwamba kila muumini amepewa fungu lake katika kazi ya Mungu. Atende lile lake tu, asiulize la mwenziwe, na akiligusa la mwenziwe ametenda dhambi. Walianza nalo kwa wema. Walimjengea mzee mmoja paa jipya, huyu akikata miti, yule akileta nyasi, mwingine akifunga, na kazi ikaisha kabla ya mvua ya jioni. Hata mimi nilisifu.

Haba na haba hujaza kibaba, na ubaya nao unacho kibaba chake. Alitokea mwenzao mmoja aliyetaka kurudi kwa mke wake. Fungu la mmoja lilikuwa kumwita, la pili kufunga mlango, la tatu kuimba kwa nguvu ili kilio kisisikike chini, la nne fimbo. Fungu la kaka yangu lilikuwa kushika miguu. Mwenzao huyo alivunjwa mkono, akavuka mto kwenda ng'ambo akiwa ameushika kifuani, asiseme neno kwa yeyote. Baada ya hapo ikaja ghala ya mjane mmoja wa huku chini, kwenye njia ya Munkunyu, aliyewafukuza walipokuja kumhubiria. Mmoja alibeba nyasi, mmoja alibeba kiberiti, mmoja alifungua uzio. Mahindi na karanga zake zote ziliungua. Kaka alisimama njiani kutazama kama kuna anayekuja.

"Mimi nilishika tu miguu," aliniambia baadaye. "Mimi nilisimama tu njiani." Alilisema hilo akiwa anaamini. Ukiwachukua wote mmoja mmoja, humpati aliyechoma ghala. Wazee wetu husema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, nao husema hivyo wakisifu ushirikiano. Yule mtu wa mlimani alikuwa ameisikia methali hiyo, akaona inamfaa.

Sisi wa chini hatukujua. Ule mkono tuliambiwa umevunjika kwa kuanguka, na moto wa ghala tulimsingizia mchungaji mmoja mvuta kiko.

Sasa nije kwa shangazi. Makosa yake yalikuwa mawili. La kwanza ni kasiksi. La pili ni kwamba alisimama sokoni mbele ya watu akasema Mungu anayeogopa chumvi yeye hajawahi kukutana naye, na soko zima likacheka. Yule mtu angeweza kusamehe pombe. Kuchekwa hakukusamehe. Aliwaambia watu wake kwamba nyumba ile ni kisima cha uchafu wa mlima wote, na lazima ichomwe pamoja na kilichomo ndani. Alichagua Jumamosi baada ya saa sita, kwa kuwa shangazi alikuwa na ugonjwa wa kifua na saa hizo alilala, na majirani wangekuwa mashambani. Mmoja alipewa nyasi kavu, mmoja chupa ya mafuta ya taa, mmoja kiberiti. Kaka yangu alipewa kamba. Kazi yake ilikuwa kufunga mlango kwa nje.

Aliisokota mwenyewe, kamba ya katani, nzuri, kwa sababu alikuwa fundi wa kila kitu cha mikono. Aliniapia kwamba alipokuwa anaisokota aliifikiria kamba tu. Shangazi yule ndiye aliyemvusha mto Lhubiriha mgongoni.

Nayaeleza haya mapema ili ujue walikuja na nini, maana sisi tuliokuwa uwanjani tulikuwa hatujui lolote.

Jua la wiki ile lilikuwa kali, na ndizi zikaiva kabla ya siku zake. Jumamosi asubuhi shangazi alinusa shimo, akasimama ukingoni, akapiga ukelele wake. Ukelele haukufika upande wa pili wa mlima, na hata ungefika, kule juu walikuwa wanaimba. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake tulikaa kwenye majani tukimenya, watoto wakiiba, wanaume wawili watatu wakiwa wameanza mtumbwini bila mwendo maalumu, kila mmoja na hesabu yake. Shangazi alizunguka akikohoa na kuamuru. Beseni la maji lilikuwa mlangoni, na kila aliyetokea aliambiwa neno lile lile, osha miguu, hata kabla hajasalimia.

Ndipo tukasikia wimbo ukishuka. Ulikuwa ule wimbo wao wa polepole, wa kuburura. Wakatokea kwenye kona ya migomba, watu kumi na kidogo, nguo nyeupe, wamekonda, mbele kabisa kaka yangu na kamba begani. Yule mtu wao hakuwapo. Yeye alikuwa na fungu la kubaki juu akiomba.

Walisimama. Walitarajia nyumba iliyonyamaza na mwanamke mgonjwa aliyelala. Badala yake nusu ya mlima ilikuwa inawatazama, mikono imejaa maganda. Harufu ya ndizi ilikuwa imetanda uwanja mzima, na watu wale walikuwa hawajala kitu chenye ladha kwa muda mrefu. Nakumbuka kuku mmoja alipita katikati yetu na sote tukamtazama yeye.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya shimo. Akainuka, akawaona, akamtazama kaka.

"Osha miguu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Ndizi haingoje mutu."

Kaka alitazama miguu yake. Ilikuwa safi. Ilikuwa miguu safi kuliko yote iliyowahi kufika kwenye uwanja ule, imesuguliwa kwa mchanga kila alfajiri kwa amri ya yule mtu. Akaiweka hata hivyo ndani ya beseni, mmoja kisha wa pili, kama alivyofanya tangu alipokuwa na kimo cha ukingo wa mtumbwi. Akaitua kamba chini. Akapanda.

Nimeambiwa na wenzake yaliyokuwa vichwani mwao wakati ule, na sijui kama nicheke au nilie, kwa hiyo huwa nafanya yote mawili. Mwenye kiberiti hakuweza kuwasha kabla mafuta hayajamwagwa. Mwenye mafuta hakuweza kumwaga kabla mlango haujafungwa. Na mlango usingefungwa, kwa kuwa mwenye kamba alikuwa amezama katika ndizi mpaka kwenye mashavu ya miguu, na kugusa fungu la mwenzako ni dhambi. Yule mtu aliwafundisha vizuri mno. Walisimama pale na vipande vyao mkononi, kila mmoja akimngoja mwingine, na kwetu mtu hasimami bure mbele ya nyumba inayokanyaga. Mmoja akasogea kwenye beseni. Kisha mwingine.

Aliyekuwa na chupa ya mafuta ya taa alikuwa wa mwisho. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi nifanye nini?"

"Weye uko na mikono ao hauna?" shangazi akamwambia. "Kuya umenye."

Akakaa karibu yangu akamenya. Alimenya vibaya sana.

Kaka akaanzisha wimbo, na wimbo uliokuwa mdomoni mwake ulikuwa ule ule wa mlimani. Lakini miguu ikiwa ndani ya ndizi haitaki polepole. Kufika ubeti wa pili ulikuwa umeshika mwendo, kufika wa nne wanawake tulikuwa tunaupiga makofi, na mama mmoja mnene akasimama akaucheza. Wale waliokuwa mtumbwini walianza kutabasamu bila kutaka. Kaka yangu alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mto ulipochukua baiskeli, na furaha iliyonijia ilinifanya nikate kidole badala ya ndizi. Kovu lake ninalo, na ninalipenda.

Shangazi aliiokota ile kamba, akaipima kwa mikono, akasema katani nzuri hii. Akafungia mzigo wa nyasi.

Maji yalipokwisha kukamuliwa tukala. Kulikuwa na bundu, ugali wetu wa muhogo, na maharage, na samaki wa baba, wale wa chumvi. Nilimwekea kaka kipande kikubwa makusudi, kwa uchokozi. Alikitazama muda mrefu, akakila, machozi yakamtoka, na mimi nilidhani ni pilipili. Wenzake walipomwona anakula wakanyoosha mikono. Nimeona watu wakila harusini na Krismasi, lakini sijaona watu wakila kama wale.

Jua likielekea kutua tulikuwa tunaosha mtumbwi, mimi na yeye peke yetu, na hapo akaniambia kamba ilikuwa ya nini. Nilimpiga kofi la nguvu. Kisha tukauosha ule mtumbwi mara ya pili ingawa ulikuwa umetakata.

Kwa wanajeshi hatukuthubutu kwenda. Pale kizuizini mpakani afande alimwambia "Simama! Kaa chini! Funga domo!" hata mtu aliyekuja kununua maharage, na ukianza wewe kumpelekea habari hujui zitaishia kwa nani. Kaka alikwenda kwa padri, na padri akamsindikiza kwa chifu. Alieleza ule mkono na ile ghala. Habari ya nyumba ya shangazi haikuwa imetendeka, hiyo akaifanya siri yetu sisi wawili, na wale wenzake nao walifumba midomo kwa aibu. Walipopanda kumtafuta yule mtu walikuta kibanda kitupu. Hakuwahi kubeba kamba, wala fimbo, wala kiberiti, na hajawahi kulala jela hata usiku mmoja, hadi leo ninapoandika.

Kaka yangu alilala jela Kasese. Alipotoka alimjengea mjane ghala mpya. Yule mama alimfanya aubomoe mlango na kuujenga tena kwa sababu ulikuwa umepinda, nami naamini haukuwa umepinda. Aliyevunjwa mkono alirudi kutoka ng'ambo. Alikuja kukanyaga kwa shangazi kama watu wote, lakini hakuingia mtumbwini kaka akiwamo, na hakuna aliyemlazimisha.

Shangazi naye akawa na hadithi. Kila siku ya kukanyaga aliwasimulia wageni kwamba watu wa mlimani walisingiziwa mengi, lakini yeye hawezi kuwasema vibaya, kwa kuwa walishuka wenyewe bila kuitwa kumsaidia mgonjwa, wakaleta hata kamba yao na mafuta ya taa. "Bale batu beko na roho muzuri," alisema. Kaka alikuwa mbele mtumbwini akikanyaga na kutazama chini. Nadhani maneno yale yalimwadhibu kuliko jela.

Alivumilia miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, asubuhi moja ya kukanyaga, kabla watu hawajafika, aliketi karibu na shangazi aliyekuwa anamenya, na mimi nikiwa upande wa pili na kisu changu. Akamwambia yote. Alitaja kamba, mlango, na saa ambayo walidhani shangazi atakuwa amelala. Shangazi hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema. "Nilisikia arufu ya mafuta ya taa. Nani analeta mafuta ya taa muchana, mu nyumba ya mutu, na nyasi ya kukauka?"

Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini basi hakupiga kelele, na watu wote walikuwa pale.

"Niliogopa, mutoto wangu. Maneno yote ilikimbia. Ikabakia tu ile niliambia batu tangu asubui."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza, akacheka tena mpaka kaka naye akaanza, akiwa ameshika uso kwa mikono yote miwili. Watu walikuwa wanaanza kutokea kwenye kona ya migomba. Shangazi alijifuta macho, akamsukumia beseni.